Sahani Moja, Inavunjika

Nianze kwa kusema kwamba mimi ni mtu mzima. Nina wajukuu wawili, nina deni dukani, nina goti linalotabiri mvua kuliko redio. Mtu wa namna hiyo hastahili kuitwa kwa kipaza sauti mbele ya stendi nzima: "Mwenye mzigo wa King Kong aje dirishani!"

Nikaenda. Ningefanyaje? Nilitembea taratibu, kama mtu aliyefuata hati ya kiwanja, lakini njia walikuwa wameshanipisha wote, wanataka kumwona mwenyewe.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu."

Hapo ujue nilikuwa nimekaa kwenye benchi la hiyo ofisi ya mizigo, hapa Mwanza, tangu saa tatu asubuhi. Kijana wangu aliyenitumia kutoka Dar aliandika kwenye boksi, kwa mwandiko wake ule wa kuku aliyeona tai: SAHANI 1, INAVUNJIKA. Kumbe ndiyo balaa lenyewe. Mzigo ukatupwa upande wa vyombo, na vijana wakapekua melamini, thermosi na sufuria za bibi harusi wa watu wa Magu, wanatafuta sahani. Mimi nasema jamani ni sidii. Binti wa dirishani akanitazama kwa huruma.

"Sidii, baba? Zile za kwenye deki?"

"Zile zile."

"Kumbe bado zipo!"

Sasa imepatikana, ila kuna utaratibu: kinachovunjika kinafunguliwa mbele ya mwenyewe. Akakata gundi kwa ufunguo, akaitoa, akaigeuza mbele na nyuma, akakunja uso.

"Baba, hii si uliichukua mwezi wa sita?"

"Ile ilikuwa nyingine."

"Ile nayo iliandikwa King Kong. Nakumbuka, tulicheka sana."

"Hii ni King Kong nyingine."

"Nyimbo zake ni nyingine?"

Nikatazama dari. Lina madoa ya maji, dari lile. "Nyimbo ni zile zile," nikasema.

Foleni yote ikasogea. Kuna mambo mtu akiyakiri nyumbani kwake ni siri, akiyakiri dirishani ni mkutano wa hadhara. Nikakohoa kidogo, nikavuta shati, nikaamua kuelimisha umma.

Kwanza, nikawaambia, King Kong huyu siyo sokwe. (Mtoto mmoja aliyeshika boksi la vifaranga alisikitika waziwazi.) Ni bondia wa Afrika Kusini, Ezekiel Dlamini, King Kong ni jina lake la ulingoni. Maisha yake yakatungiwa mchezo wa jukwaani wenye nyimbo, muziki wa Todd Matshikiza, ukafunguliwa Johannesburg mwaka 1959. Miriam Makeba alikuwemo. Hapo angalau wazee wawili wakaitikia kwa kichwa, Makeba hahitaji barua ya utambulisho. Mwaka 1961 mchezo ukapelekwa London, lakini Makeba alikwisha kwenda Marekani, nafasi yake akaishika Peggy Phango. Sasa basi: wale wa Johannesburg walirekodiwa, na wale wa London nao walirekodiwa. Mwezi wa sita nilipokea London. Leo napokea Johannesburg. Ni vitu viwili tofauti kabisa.

Kimya. Halafu kijana wa bodaboda, kofia ngumu kichwani, akasema: "Kwa hiyo mwezi wa sita walikuletea feki."

"Hawakuniletea feki!"

"Sasa si ungeagiza ya Makeba moja kwa moja, mzee, ukaokoa hela?"

"Zote zinatakiwa!"

"Zinatakiwa na nani?"

Ndugu zangu, sauti yangu ilipanda mpaka ikafika ile ya mtu anayedai chenji kwa konda. Na jibu sina. Zinatakiwa na nani? Na mimi! Mimi hapa, mwenye goti!

Aliyeniokoa ni mama mmoja wa soko la Mwaloni aliyekuwa amekalia gunia lake karibu na mlango. Hakuinuka hata.

"Nyie, mwacheni baba wa watu. Dagaa wa mchangani na dagaa wa chanja si dagaa wale wale? Ziwa moja, mtumbwi mmoja, usiku mmoja, taa moja. Lakini huyu kaanikwa chini, ukitafuna unasikia krrr. Huyu kaanikwa juu ya chanja, hana krrr. Bei ni moja? Baba ana nyimbo zenye mchanga nyumbani kwake, anataka za chanja. Mpeni mzigo wake aende."

"Aaaah!" foleni nzima. Hata bodaboda akavua kofia.

Miaka yote hii nahangaika kumweleza Mama Doto kwa nini mtu ananunua tena rekodi iliyosafishwa na kutolewa upya. Nimechora mpaka michoro. Anakuja mtu na gunia, sentensi tano, kamaliza.

Kilichonitoa jasho ni kwamba yule mama alipatia kuliko alivyojua. Hiyo krrr kweli ninayo. Ni santuri ya marehemu mjomba, aliyefanya kazi kwenye meli za ziwani enzi za shirika la Reli na Bandari, akarudi kutoka Kisumu nayo chini ya kwapa. Johannesburg, 1959. Makeba yumo, ila anaimba kama yuko jikoni na mtu anakaanga samaki. Santuri hiyo sikuwa nimeitaja pale dirishani. Yaani King Kong ninazo tatu.

Nikatozwa elfu mbili ya kuhifadhi mzigo walioupoteza wao wenyewe. Nikalipa. Nikanunua na dagaa wa yule mama, kilo mbili, maana ningewezaje kuondoka mikono mitupu? Kwenye daladala nilikaliwa na begi la mtu mpaka Mabatini. Hilo siliongelei.

Na msidhani nawatetea wanaozitoa hizi rekodi. Hawa wanatujua. Oklahoma!, mchezo wa nyimbo wa Wamarekani, ilipotoka mwaka 1943, kwenye sahani sita za zamani zile nzito, nyimbo nyingine zilibaki nje. Mwaka 1945 wakatoa juzuu la pili lenye zile zilizobaki, na watu wakajipanga tena madukani. Baadaye santuri kubwa ikaja, upande mmoja dakika ishirini na kitu, ukizidisha dakika, sauti inanywea, kwa hiyo nyimbo wakazikata. Sidii ilipokuja na dakika zake zaidi ya 70, nafasi ikawa tele, wakaanza kujaza masalia: mtunzi anajaribu piano, mtu anahojiwa. Wanaita nyongeza. Mimi nikiona neno nyongeza mkono unaingia mfukoni wenyewe, kama umeitwa na polisi.

My Fair Lady, mchezo mwingine wa nyimbo, ndiyo imeniua kabisa. Ilirekodiwa New York mwaka 1956 kwa mono, sauti ya njia moja. Mwaka 1959 wakairekodi tena London kwa stirio, sauti ya njia mbili, na waigizaji wakuu hawakubadilika: Rex Harrison yule yule, Julie Andrews yule yule. Wakusanyaji wanagombana mpaka leo ipi ni bora, na mimi ili nisigombane na mtu nikanunua zote mbili. Na Rex Harrison mwenyewe haimbi! Anaongea kwa kufuata mapigo. Mama Doto alisikiliza akiwa anachambua mchele, mwisho akauliza, "Huyu baba anagomba na nani?" Stirio ilipofika akasikiliza tena. "Bado hawajapatana?"

Haya, nimefika nyumbani. Luku imeisha. Hela ya Luku imefanya nini, msiniulize, iko kwenye boksi limeandikwa inavunjika. Nikakopa kwa simu, nikaingiza tarakimu ishirini, taa ikawaka. Nikaweka sidii. Deki ikafikiri, ikakohoa, ikaandika kwamba haioni sahani. Nayo!

Nikaifuta kwa kanga ya Mama Doto, ikakubali. Na kweli, krrr hamna. Makeba kasogea mpaka kwenye kochi. Nikafumba macho, Mama Doto akatenga ugali, nikatia tonge na dagaa mdomoni.

Krrr.

Nikampigia yule mama. Simu inaita tu. Nikapiga tena, imezimwa. Mama Doto anasema kosa langu, dagaa huoshwa maji mengi, tena ya vuguvugu. Maji gani? Bomba letu tangu Jumanne linapiga mluzi, na ule mluzi mita inauhesabu kama maji. Sisi wa huku juu ya mawe kila mgeni akipanda anahema, anashika kiuno, anatuambia tuna bahati, tunaliona ziwa lote. Tunaliona, ndiyo. Limejaa mpaka kule linakokutana na mbingu. Nimesimama pale nje kulitazama mpaka giza likaingia, ndoo mkononi.