Nidhamu ya mezani ndiyo ubalozi wenyewe

Makala yenu inawataka wachezaji wa kulipwa wa pool, mchezo wa kusukuma mipira mezani kwa fimbo, wawe mabalozi wa mchezo wao. Sawa, ila ninyi waandishi mmekazania mno mavazi na mahojiano. Mtazameni Efren Reyes wa Ufilipino, bingwa wa dunia wa pool ya mipira tisa mwaka 1999: akikosa anatabasamu, anajikuna kichwa, anarudi kukaa. Fimbo haigongwi sakafuni. Mimi humheshimu zaidi anayekiri kwamba mkono wa shati lake umegusa mpira kimakosa, hata kama refa hakuona (wapo, ingawa wachache). Wazazi wengi bado wanauona huu mchezo wa wahuni na kamari. Halafu staa anaanza kufungua fimbo yake vipande viwili mpinzani akiwa bado anapiga, kana kwamba mchezo umekwisha! Watoto wanaona hayo yote.