Jeni 17 na swali la nani apandikizwe uloto

Mwongozo wa ELN (mtandao wa Ulaya wa wataalamu wa lukemia) wa 2017, na ule wa 2022 uliofuata, huwagawa wagonjwa wa lukemia kali ya maieloidi katika makundi matatu ya hatari kwa kuangalia kromosomu na mabadiliko ya jeni kama NPM1, FLT3-ITD na TP53. Kipimo cha kiasi cha RNA (nakala ambazo jeni hutoa ikifanya kazi) ambacho kila jeni inazalisha, kama LSC17, alama ya jeni 17, hakimo. Wapinzani wa kipimo hicho huishia hapo: ramani za kwanza za RNA za wagonjwa zilichapishwa 2004, na daktari wa wodini bado anafanya kazi bila hizo.

Hoja hiyo ina uzito, ila inaliruka swali gumu. Karibu nusu ya watu wazima wenye ugonjwa huu wana kromosomu za kawaida, na wengi wao huangukia kundi la kati. Kwa mgonjwa wa kundi hilo, kupandikiza uloto kunaweza kumponya, na kunaweza kumuua.

Hapo ndipo LSC17 ina la kusema. Iliundwa Toronto na kuchapishwa 2016. Seli za wagonjwa 78 zilitenganishwa kwa CD34 na CD38, protini za juu ya seli, kila fungu likadungwa panya wasio na kinga. Mafungu yaliyootesha lukemia yakalinganishwa na yaliyoshindwa, zikapatikana jeni 104 zenye tofauti. Takwimu za wagonjwa 495 zikazichuja hadi 17. Kiasi cha kila jeni huzidishwa kwa uzito wake, kisha vyote hujumlishwa: DNMT3B huipandisha alama, CDK6 huishusha.

Asili hiyo husahaulika mno. Mwaka 2011 ilionyeshwa kwamba, kwenye saratani ya matiti, orodha nyingi za jeni zilizookotwa ovyo nazo huambatana na vifo. Orodha iliyochimbwa kwenye vifo pekee basi inastahili kushukiwa. LSC17 ilianza na seli zenyewe: zipi zinaweza kuuotesha ugonjwa upya? Ni hizo hizo zinazodhaniwa kunusurika dawa na kuurudisha.

Tena majibu yanaweza kutoka kwa saa 24 hadi 48, kabla dawa hazijaanza. Kipimo cha mabaki ya ugonjwa, MRD, ni kizuri sana, lakini hungoja mgonjwa amalize mizunguko ya matibabu. Wiki hizo ndizo za kupima HLA za ndugu (alama za kinga zinazopaswa kulingana na za mgonjwa) na kusaka mtoaji kwenye sajili. Mwenye alama ya juu akianza kutafutiwa siku ya pili, MRD itakapotoka jina la mtoaji huenda liko mezani.

Maabara ndiyo inayokiponza kipimo hiki. Sampuli iliyolala saa nyingi kwenye joto la chumba hubadilika: jeni za mshtuko kama FOS na JUN hupanda, RNA nyingine humeng'enywa. Heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, huzuia PCR (njia ya kunakilisha jeni ili zipimwe), kwa hiyo mirija ya EDTA, kizuizi kingine cha kuganda, ni salama zaidi. Uloto uliochanganyika na damu nyingi una seli chache za lukemia, na alama hupotoka bila mgonjwa kubadilika hata kidogo.

Udhaifu mkubwa zaidi ni mpaka. “Juu” na “chini” viliamuliwa kwa kuwakata wagonjwa nusu kwa nusu. Mgonjwa mmoja aliyelazwa leo hana nusu ya kukatwa. Hapa wapinzani wana haki kabisa: bila mpaka uliofungwa, na RNA ya kulinganishia inayopimwa kila mara kwenye mashine ileile, namba hiyo haifai kumwongoza mtu.

Wanaposema alama ilijengwa kwa waliopewa sitarabini siku 7 na daunorubisini siku 3, kwa hiyo haiwahusu wazee wanaopewa dawa nyepesi za azasitidini na venetoklaksi, wasisahau kwamba ELN nayo ililazimika kutoa mgawanyo wa pekee mwaka 2024 kwa wanaotibiwa kwa dawa nyepesi. Orodha ya mabadiliko ya jeni haikutupwa kwa kasoro hiyo.