TV ya sebuleni ituulize kwanza tuko na nani

Desemba nyumba yetu ya Uru, Kilimanjaro, hujaa. Ndugu wanapanda kutoka Dar, Dodoma na Mwanza kuja kula Krismasi migombani, na sebule ya watu wanne inageuka ya watu kumi na mmoja. Mchana rimoti ni ya watoto, katuni mwanzo mwisho. Alasiri mabinamu wanaingia na sizoni zao za Kikorea. Ikishapita taarifa ya habari ya saa mbili usiku, mashangazi wanataka tamthilia yao ya Kituruki iliyotafsiriwa, na hapo hakuna wa kubishana nao.

Januari wote wanashuka, nabaki na bibi. Mwaka huu jioni ya kwanza niliwasha TV, nikafungua huduma yetu ya filamu za mtandaoni, nikakuta safu ya juu iliyoandikwa kwamba imechaguliwa kwa ajili yetu imejaa katuni. Kisha likatokea bango la filamu ambayo sijui nani aliifungua usiku watu wamelala, mwanamke na mwanamume nusu uchi, limejaza kioo kizima. Nilihangaika na rimoti kulitoa. Bibi alilitazama, akajifunga khanga yake vizuri, akaniambia, "Mjukuu wangu, mimi naenda kulala." Ilikuwa saa moja na nusu.

Kwa karibu wiki tatu huduma ile iliendelea kutuletea vitu vya watu walioshaondoka.

Nimelifikiria sana jambo hili, na naamini kosa liko mwanzoni kabisa mwa usanifu wa huduma hizi. Zinahesabu akaunti moja kuwa mtu mmoja mwenye ladha moja. Labda hesabu hiyo inafaa kwa simu, kwa kuwa simu iko mkononi mwa mwenyewe. TV ya sebuleni haina mwenyewe.

Miaka ya 2000 pale Majengo, Moshi mjini, kulikuwa na kaka mmoja akikodisha CD za filamu. Ukimfikia na CD mkononi alikuwa na swali lake: "Dogo, leo mnaangalia na nani?" Nikimjibu na bibi, aliichukua ile ya mapigano akairudisha rafuni, akanipa ya Kinigeria. Nikimwambia tuko wenyewe, aliniacha nichague. Hakuwa ameandika popote nilichokodi mwezi uliopita. Alichohitaji kujua ni nani atakayekaa kwenye mkeka jioni ile.

Kinachoniuma ni kwamba wataalamu wanalijua hili siku nyingi. Oktoba 2006 Netflix, kampuni ya filamu ya Marekani, walitangaza zawadi ya dola milioni 1 kwa atakayeiboresha kwa asilimia 10 programu yao ya kukisia mteja ataipa filamu nyota ngapi. Washindani walipewa alama zaidi ya milioni 100 zilizotolewa na wateja wapatao 480,000, na zawadi ikapata wenyewe Septemba 2009. Mmoja wa washindi, Yehuda Koren, aliandika mwaka huohuo kwamba alama za akaunti moja hubadilika kadiri siku zinavyokwenda, na kati ya sababu alizozitaja ni kwamba anayetoa alama ndani ya nyumba anaweza kuwa mtu mwingine. Kwa hiyo mashangazi na watoto wa Desemba walishaonekana kwenye hesabu zile.

Upande wa filamu kazi imefanyika kweli. Mwaka 2014 mwandishi Alexis Madrigal wa jarida la The Atlantic aliyahesabu makundi ambayo Netflix ilikuwa imezigawia filamu zake, akafika 76,897. Kuna watu walilipwa kukaa, kuangalia na kuandika kila filamu ina nini ndani. Jitihada ya namna hiyo sijaiona ikielekezwa kwa waliokaa kwenye kochi.

Najua nitaambiwa kuna profaili, yaani kila mtu na ukurasa wake ndani ya akaunti moja. Netflix walizileta kwenye huduma yao ya mtandaoni mwaka 2013, na huduma nyingine nyingi zinazo. Kwetu zipo tano, zina majina na vikatuni vya sura. Lakini mtoto wa miaka sita akiwasha TV anabonyeza ya kwanza anayoikuta, na shangazi akimpokea rimoti hatatoka kwenye profaili hiyo kwenda kutafuta yake. Halafu tukiwa wanane sebuleni, tubonyeze ya nani?

Ningependa TV ikiwashwa iulize swali la kaka wa Majengo, kwa vitufe vinne vikubwa: peke yangu, na watoto, na wazee, wote. Isilazimishe, ukiipita, sawa. Na jibu la jioni hii liishie jioni hii, wageni wasiachwe wakitutawala hadi Februari.

Kwa kitufe cha "wote" hesabu yake ipo tangu zamani. Mwaka 2001 watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota walieleza mfumo wao uitwao PolyLens, uliokuwa ukipendekezea filamu kikundi cha watu. Waliitazama kila filamu kwa jicho la yule ambaye angeipenda kidogo kuliko wenzake: kama yeye inamkera, inashuka chini hata wengine wote wakiifurahia. Mama yeyote wa huku anaielewa hesabu hii. Akipika machalari ya watu wengi anaanza na kuuliza nani hali nini.

Na kuna lugha. Bibi anasoma Kiswahili vizuri lakini maandishi ya chini ya kioo yanamkimbia, kwa hiyo kwake filamu ni ile inayoongea Kiswahili, basi. Ukibonyeza "na wazee", zilizoigizwa au kutafsiriwa kwa sauti ya Kiswahili zingekaa juu, na mabango yasiyofaa mbele ya bibi yasingetokea kabisa. Kwenye huduma yetu, kujua kama filamu ina sauti hiyo nalazimika kuifungua, kuanza kuicheza na kutafuta ndani ya vitufe, huku bando likikatika.

Kwa Desemba ijayo nimefuta profaili moja kati ya zile tano na kufungua nyingine niliyoiita Wageni. Nimeiweka ya kwanza kabisa, mahali ambapo kidole cha mtoto kinafika bila kutafuta.