Wasiwasi ni ugonjwa, tusiishie kupima presha tu

Mi nasema wazi jamani, ugonjwa wa wasiwasi upo na ni mwingi kuliko tunavyodhani. Shirika la Afya Duniani wanasema mwaka 2021 watu kama milioni 359 walikuwa nao, hamna ugonjwa wa akili unaoupita kwa wingi, na katika kila wagonjwa wanne anayepata tiba ni kama mmoja tu. Hao wengine tunao mtaani wanahangaika.

Kuna dada mmoja namfahamu, daladala ikijaa tu moyo unamwenda mbio, vidole vinakufa ganzi, jasho linamtoka, anahisi pumzi inakata, anaomba ashushwe kituo chochote kile hata kama hajafika. Kapima presha iko sawa, kapima moyo uko sawa, kapewa dawa za vidonda vya tumbo, kaenda mpaka kuombewa, na kote huko hamna aliyemuuliza unalala vizuri? kuna kitu unakiogopa? Akirudi nyumbani anaambiwa hana ugonjwa anajiendekeza. Inaniuma sana, maana mwili unamtetemeka kweli.

Na tuache kusema ni imani ndogo. Wanawake wanaupata zaidi ya wanaume, mara nyingi unaanzia utotoni au ujanani, na kama kwenye ukoo kuna mwenye nao uwezekano unapanda. Mtoto aliyepigwa kupitiliza au kufanyiwa ukatili wa kingono, mtu aliyefiwa, anayeishi kwa madeni hajui kesho watoto watakula nini, anayeuguza maradhi ya muda mrefu, wote hao wako kwenye hatari. Mwaka wa kwanza wa Korona wasiwasi na sonona, yaani ile huzuni nzito isiyoisha, vilipanda kwa asilimia 25 duniani, na mwaka ule watu tulisali sana tu.

Kupima sikatai, tezi ya shingoni ikizidisha kazi nayo inapeleka moyo mbio hivyo hivyo, ila majibu yakitoka safi ndo kazi ianze hapo, mtu asirudishwe tu nyumbani na panadol. Wengi wakisikia ugonjwa wa akili wanawaza Mirembe, ile hospitali ya magonjwa ya akili ya Dodoma, wakati tiba yenyewe kwa sehemu kubwa ni kukaa na mtaalamu mkaongea, akakufundisha kukizoea kile unachokiogopa taratibu, anayeogopa gari anaanza na kituo kimoja likiwa halijajaa, akizoea anaongeza cha pili, na anayehitaji dawa zipo.