Bibi Harusi na Dawa ya Kunguni

Nina laptop moja. Kitufe cha herufi F kiling'oka zamani, betri ilishastaafu, na kona ya kifuniko imeshikwa na gundi ya viatu. Lakini ndiyo inayonilisha: Jumamosi napiga muziki kwenye sendofu na harusi hapa Dar.

Ijumaa moja ikazidi uzito. Ukifungua folda, unaweza kwenda kununua chapati ukarudi ukaikuta bado inafikiria. Nikaipeleka kwa fundi. Akaitazama kama daktari anayetafuta maneno ya kumwambia mgonjwa. "Bosi, hapa tupige window tu."

Kwa fundi huyu kila ugonjwa dawa yake ni kupiga window, yaani kufuta kila kitu na kuweka Windows upya. Tangu Februari alishaipiga mara nne, mpaka mke wangu akaniuliza kama kuna dirisha lililobaki.

"Bekapu umeweka?"

Nimeweka! Nyimbo zote, picha za watu, hata video ya mbuzi wa mjomba akila mkeka. Fundi akapiga window. Usiku nikarudisha mafaili, nikaona nyimbo zangu zimejipanga na majina yake, nikalala usingizi wa mtu asiye na deni. Sikubonyeza hata mmoja kuusikiliza.

Sasa, nyimbo zangu nyingi nilizinunua zamani, zina kufuli: hazilii mpaka programu ya kuzipigia iitambue kompyuta yako, na programu hiyo inaruhusu kompyuta 5 tu kwa akaunti moja. Kabla ya kupiga window unatakiwa uingie kwenye programu uiondoe kompyuta yako. Usipofanya hivyo, window mpya inahesabiwa kompyuta mpya, na ile ya zamani inaendelea kukalia nafasi yake. Fikiria daladala ya siti 5. Kila nikipigiwa window nashuka dirishani bila konda kujua, halafu napanda tena mlangoni kama abiria mwingine. Siti zote nimekaa mimi, na anayeachwa kituoni ni mimi.

Kipo kitufe cha kushusha abiria wote kwa mpigo, ila kinakubali mara moja tu katika miezi 12. Mimi nilikibonyeza ile Februari. Kwa nini? Nilitaka kuona kinafanya nini.

Jumamosi, ukumbini. Mpaka hapo tulikuwa tunapiga nyimbo za kwenye flashi ya MC. Bibi harusi akafika mlangoni, gauni la dhahabu, wapambe nyuma yake wameshapinda kiuno tayari kwa hatua ya kwanza. MC akanguruma: "DJ weetu! Mlete binti yetu!"

Nikabonyeza. Programu ikaomba nywila. Nikaandika, jasho linadondokea pale ilipokuwa F. Ikajibu: akaunti hii tayari ina kompyuta 5.

Kompyuta tano! Mimi, ambaye nyumbani sina hata vijiko vitano vya chai vinavyofanana!

Nikafunga ule ujumbe kwa hasira. Programu, kwa heshima zake, ikaruka wimbo ule, ikajaribu wa pili, ikaruka, wa tatu, ikaruka, inatafuta chochote kisicho na kufuli. Ikakipata. Ilikuwa sauti yangu mwenyewe, niliyomrekodia jirani yangu machinga kwa ajili ya spika yake:

"Dawa ya mende! Dawa ya panya! Kunguni, viroboto, wote kwaheri! Buku tu, buku tu!"

Ukumbi ukanyamaza. Mwenyekiti wa kamati akashika kichwa. Nikatafuta kitufe cha kuzima, kidole kikaongeza sauti. Na wale wapambe, Mungu awabariki, wakaipata midundo: "buku tu" hatua mbele, "buku tu" hatua nyuma, mpaka bibi harusi akafika jukwaani akicheka machozi, wanja umeshuka hadi shavuni.

Nikiwa nakunja nyaya, shangazi wa bibi harusi akanifuata taratibu, akaangaza kushoto na kulia, akaniinamia sikioni.

"Mwanangu, hiyo ya kunguni inauzwa wapi?"