Si unashonea nyumbani tu?

Hakuna kauli inayonikera kama hii: "Nipunguzie bwana, si unashonea nyumbani tu, hulipi pango." Kwani cherehani ikikaa sebuleni inatumia umeme wa bure? Zipu ya gauni lako nimeifumua na kuirudia hadi ikalala sawa. Pindo nimelishona kwa mkono, usiku, watoto wamelala. Hayo ni masaa ya fundi, na yana bei yake. Mtu ananunua kitambaa cha gharama bila kubishana na mwenye duka, halafu ubishi wote anakuja kuumalizia kwangu! Na nyie mafundi wenzangu mnaokubali bei ya hasara ili mteja asiondoke, mnatuumiza sote. Bei nimeshaitaja, sipunguzi.