Pedali ya nyumbani isiharakishwe kwenye rangi

Wengi wetu tunaojiundia pedali za gitaa, yaani visanduku vya kukanyaga vinavyobadilisha sauti ya gitaa, tunahangaika wiki nzima kutafuta transista inayotoa fazi (sauti ya kukwaruza) tunayoitaka, halafu kasha tunalimaliza jioni moja. Bodi ya saketi imeshalehemiwa, sauti imetoka, mpigaji ana hamu ya kwenda nayo mazoezini, na kilichobaki kinaonekana ni kupuliza rangi tu. Mimi nashikilia kwamba kasha ni nusu ya pedali, na kwamba nusu hiyo inadai muda mwingi kuliko ile ya waya. Asiyekuwa tayari kuipa muda huo, bora aiache alumini ilivyo, aisugue kwa msasa upande mmoja mpaka itoe mistari mizuri, na aishie hapo. Itapendeza kuliko rangi iliyopakwa kwa pupa.

Pedali ni kifaa cha muziki kinachokanyagwa. Inakanyagwa na kiatu chenye mchanga, inamwagikiwa soda, inatupwa kwenye begi pamoja na kebo na vichwa vyake vya chuma. Rangi inayodumu miaka kumi kwenye fremu ya picha ukutani inaweza kubanduka hapa kabla msimu wa harusi haujaisha.

Kasha ambalo karibu kila mtu analitumia ni la alumini ya kumimina kwenye kalibu, saizi ya 1590B ya kampuni ya Hammond, yaani takriban milimita 112 kwa 60 kwa 31, au 125B ambalo limezidi kidogo. Alumini ina tabia yake. Ukiikwangua ikang'aa, hapohapo hewa inaitengenezea utando mwembamba wa oksaidi, na rangi ya kawaida haiupendi utando huo. Isitoshe, kasha linatoka kiwandani likiwa na mabaki ya dawa iliyopakwa kwenye kalibu ili chuma kisigande. Ukipuliza rangi juu ya hayo, itakaa, itang'aa, utaipiga picha. Kisha siku moja kitambulisho au ukucha utaingia pembeni na kipande kizima kitainuka kama ganda.

Kwa hiyo kazi inaanza na keekee, siyo kopo la rangi. Toboa matundu yote kwanza: milimita 12 kwa swichi ya mguu, 7 au zaidi kidogo kwa potensiomita (kirekebishi cha kuzungusha) kulingana na shingo yake, 10 hivi kwa jeki ya gitaa, soketi ya kuchomekea kebo. Sugua kingo za matundu kwa tupa. Pembe kali za kasha zivunje kwa msasa, maana rangi ikiwa bado majimaji hukimbia ncha kali na kuacha utando mwembamba pale, na pale ndipo kiatu kinapogusa kwanza. Baada ya hapo msasa namba 220, kisha 320 au 400, mpaka mng'ao wa kiwandani uishe na kasha lote liwe na ukungu wa aina moja. Lioshe kwa maji na sabuni, likauke, lifute kwa tina na kitambaa safi, na kuanzia hapo usiliguse kwa vidole vitupu. Alama moja ya mafuta ya kidole inatosha kuonekana chini ya rangi.

Praima, yaani rangi ya msingi, iwe ile yenye asidi inayouma chuma, ambayo mafundi wa rangi za magari wanaijua vizuri. Ukiikosa, nenda gereji. Natamani watengenezaji wa pedali wangeziamini zaidi gereji zetu. Fundi anayerudishia rangi bampa na mlango wa gari ana bunduki ya kupulizia rangi, kompresa, na jicho lililozoea kuona rangi inapotaka kuchuruzika. Makasha matano yaliyosuguliwa vizuri yanaweza kupata rangi yake mwishoni mwa kazi ya siku, ikiwa imeshachanganywa. Ila usimpelekee kasha chafu ukitegemea alisafishe yeye.

Anayepuliza mwenyewe kwa kopo apige mikono, yaani matabaka, mingi myembamba. Mkono wa kwanza unatakiwa uwe hafifu kiasi kwamba praima bado inaonekana, na hapo ndipo moyo unapomshinda mtu, anaongeza palepale, na rangi inachuruzika. Soma pia maelezo ya kopo kuhusu muda wa kurudia. Enameli nyingi za kopo hukutaka urudie ndani ya saa moja hivi, au usubiri siku moja au mbili. Ukirudia katikati ya hapo, tina ya mkono mpya inailowesha rangi ya chini ambayo imekauka juu tu, na uso wote unajikunja. Klia, yaani rangi angavu ya kumalizia, ikiwa ya aina nyingine juu ya enameli changa inaleta balaa hilohilo.

Kwa sisi wa pwani kuna jambo jingine, nalo ni unyevu. Tina inapokimbia inalipoza kasha, na hewa ya Dar es Salaam au Mombasa wakati wa masika ina maji ya kutosha kutulia juu ya uso uliopoa. Klia inageuka maziwa, weupe uliotanda hasa pale ilipokuwa nene. Usipulize usiku wala mvua ikiwa imetoka kunyesha. Subiri jua lipande, hewa ikauke, kasha lenyewe liwe na uvuguvugu mkononi.

Halafu ngoja. Hapa ndipo ninapotofautiana na marafiki wengi. Rangi isiyokushika kidole haijakauka bado. Linuse kasha: likinukia tina, ndani bado ni laini. Ukiikaza nati ya swichi siku hiyo, washa, kile kipete cha chuma chini ya nati, itaivuta rangi na kuizungusha, na utabaki na pete iliyokunjamana kuzunguka tundu, uchi wa chuma ukichungulia pembeni. Pete hiyo hairekebishiki bila kufungua kila kitu. Juma zima la kusubiri mahali pakavu, pasipo na vumbi, si muda mrefu kwa kitu unachotaka kikae miaka. Joto la wastani linasaidia, nyuzi 60 au 70 hivi, lakini kamwe isiwe kwenye oveni ya kupikia chakula.

Ndani ya kasha usipake chochote. Kasha la chuma ni ngao inayozuia mngurumo wa umeme wa ukumbini usiingie kwenye saketi, na ngao hiyo inafanya kazi tu ikiwa imeungana na ethi, yaani upande wa ardhi wa saketi. Kwa kawaida inaungana kupitia jeki ya gitaa, pale chuma cha jeki kinapobana ukuta wa kasha. Rangi haipitishi umeme. Ziba ndani kwa maskin tepu kabla ya kupuliza, au ukishamaliza kwangua mduara mdogo kuzunguka tundu la jeki mpaka chuma kionekane, na pia midomo ambapo kifuniko kinakutana na kasha. Ukitumia jeki zilizofunikwa plastiki, vuta waya kutoka ethi ya bodi hadi kwenye kasha. Tundu la umeme ni kinyume chake. Pedali nyingi hutumia volti 9 zenye hasi katikati, maana yake sehemu ya nje ni chanya, hivyo soketi hiyo iwe ya plastiki na isiliguse kasha hata kidogo. Pedali ya fazi yenye nguvu inayonguruma hata gitaa likiwa limefungwa sauti, mara nyingi inafaa kuchunguzwa muunganiko wa kasha na ethi kabla hujaanza kulaumu transista.

Kuhusu rangi gani, nina maoni makali. Kampuni ya Boss ilipoanza na pedali zake ndogo mwaka 1977, OD-1 ilikuwa njano, PH-1 kijani, SP-1 nyekundu, na mwaka uliofuata DS-1 ikaja rangi ya chungwa. Mpigaji aliyesimama gizani anajua anakanyaga nini kwa kuangalia rangi tu. Huo ndio ukubwa wa rangi kwenye pedali. Basi kwa nini kila mtu anayeunda nakala ya Tube Screamer, pedali maarufu ya kijani, nyumbani aipake kijani kilekile? Saketi umeiga, ni sawa, wote tumejifunza kwa kuiga. Uso wa kasha ni mahali pako pa kusema jambo lako. Mtengenezaji wa pedali Zachary Vex wa Minneapolis, Marekani, alianza miaka ya 1990 kuuza pedali zilizochorwa kwa mkono, na watu walizipenda kwa michoro yake pia, siyo sauti peke yake. Huku kwetu tuna kanga, tuna tingatinga iliyozaliwa na rangi za enameli kwenye mbao, tuna maandishi ya daladala na matatu. Ningependa kuona kasha la fazi lenye pindo la kanga kuliko kijani kingine cha kuazima.

Maandishi yasomeke. Ukitumia karatasi ya dekali ya maji, ile unayoichapa kisha unailoweka ili mchoro uhamie kwenye kasha, kumbuka printa za kawaida hazichapi weupe, kwa hiyo herufi zako zitapotea juu ya kasha jeusi. Rangi ya chini isiwe ya giza. Printa ya leza ni salama zaidi, kwani wino wa kawaida unayeyuka majini usipoufunika kwa klia kwanza. Na klia ni lazima juu ya dekali yoyote, mikono kadhaa.

Klia ngumu kuliko zote ni ile ya magari inayochanganywa na hadna, dawa ya kuigandisha. Inastahimili kiatu, inastahimili tina. Hadna hiyo ina aisosianati, kemikali inayoweza kukuachia pumu ya kudumu, na kitambaa kilichofungwa puani hakizuii kitu. Inahitaji maski ya kufaa, mahali pa wazi na glavu. Nawaona vijana wakiipuliza vifua wazi na inaniuma. Kama huna vifaa, mlipe mwenye navyo.

Rangi ya unga, ile inayorushwa kwa umeme tuli kisha ikaokwa kwenye nyuzi 180 hadi 200 kama ya fremu za madirisha ya alumini, ni ngumu na haina tina kabisa. Ukipata karakana inayokubali kazi ndogo, waombe walipashe kasha moto kwanza likiwa tupu. Alumini ya kumimina ina vitundu vya hewa ndani, na hewa hiyo ikitokea wakati rangi inayeyuka inaacha malengelenge. Siku hizi yanauzwa pia makasha yaliyokwisha kupakwa rangi ya aina hiyo tangu kiwandani, na sioni aibu kuyanunua. Bandika maskin tepu juu, tumia keekee yenye ncha ya ngazi, inayopanua tundu hatua kwa hatua, toboa taratibu kutokea upande wa rangi, na muda uliookoa uutumie kwenye mchoro.